Mpemba Asiyekula Papa

Sadalla wa Ushongo hakuwa yeye. Bi Tausi Mbwana alilijua hilo kabla hata hajamaliza dafu alilokaribishwa, maana mzee mwenyewe kwa umri angeweza kuwa mtoto wa Sadalla anayetafutwa, na baiskeli hakuwahi kuitengeneza maishani mwake. Alikuwa mkarimu, tena mcheshi, akataka sana kuwa babu wa mtu, lakini hakuwa. Safari nzima ya Pangani ikaenda bure. Jumatatu mchana Bi Tausi alirudi Tanga na vumbi kichwani, njaa tumboni na mteja wake pembeni, wakaingia kwenye hoteli moja ya Ngamiani ambako wali wa nazi hupikwa na watu wanaojua wanachokifanya.

Bi Tausi alikuwa amestaafu upelelezi wa polisi. Siku hizi watu walimletea waume waliotoroka, viwanja vyenye wenyewe wawili, na mara moja mbuzi, ambaye alimpata. Lakini mteja huyu alikuwa wa aina yake. Jina lake Khairiya Hamad, muuguzi, mzaliwa wa Wete, Pemba, na kazi aliyoileta ilikuwa ya kumtafuta babu yake mzaa baba ambaye hakuwahi kumwona. Au tuseme, si babu hasa.

"Mie sitaki habari zake," alikuwa amesema siku ya kwanza, mkoba mapajani, uso umekazwa. "Nataka mwanamume mmoja wa damu yake. Asimame, aseme nimemwoza, ale biriani, ende zake."

Ijumaa Khairiya alikuwa anaolewa. Baba yake, Hamad, alikwisha kufariki. Kaka hana. Katika hali hiyo binti huozwa na babu mzaa baba, na asipokuwapo, na baba mkubwa au baba mdogo. Wakikosekana wote, shekhe ndiye husimama kuwa walii wake. Bwana harusi, Rama, fundi umeme mpole, aliona shekhe anatosha. Khairiya aliona hatoshi. Bibi yake, Wanu, alikufa akiamini kuwa mumewe alimtupa na mimba, na Wete nzima iliamini hivyo pamoja naye.

"Nikiozwa na shekhe," alisema Khairiya, "ndiyo nimekiri mbele za watu kwamba kwa baba sina kwetu. Baba aliishi nalo hilo mpaka kaburini. Mie sitaki."

Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kidogo. Mwanamume aitwaye Sadalla, fundi baiskeli wa Ngamiani, alimwoa Wanu aliyekuwa akikaa Tanga kwa shangazi yake, aliyefariki muda mfupi baada ya harusi. Wanu aliposhika mimba ya kwanza alirudi Pemba kujifungua kwao, kama ilivyo desturi. Mume akamsindikiza mpaka bandarini. Basi. Zaidi ya hapo bibi alikuwa akiulizwa hubadilisha mazungumzo, na akiulizwa tena hubadilisha chumba.

Mhudumu aliweka sahani mbili za wali na bakuli la mchuzi wa papa katikati. Bi Tausi alivuta bakuli. Khairiya alilisogeza mbali kwa ncha ya kidole.

"Mie niletee maharage," alimwambia mhudumu.

Bi Tausi aliacha kijiko hewani. "Wewe Mpemba wa wapi usiyekula papa?"

"Kwetu hatuli."

"Kwenu kwa nani? Mama yako hali?"

"Mama anakula. Baba ndiye hakuwa akila. Na mie."

"Nani alimkataza baba yako?"

"Bibi Wanu, tangu utotoni mwake. Alimwambia ukila utatoka mapele mwili mzima."

"Na yeye bibi mwenyewe?"

Khairiya akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Ushongo. "Wee! Bibi akimpata papa mkavu anaramba vidole. Alikuwa akipika sufuria mbili, yake na ya baba. Alipokuja mama akaambiwa naye apike mbili."

Bi Tausi alikiweka kijiko chini. Mwiko ambao mama hana na mtoto anao unatoka upande wa baba; hilo halihitaji kwenda chuo cha polisi. Lakini sufuria mbili zilimkera kwa namna nyingine.

"Mwanamke aliyetupwa hapiki sufuria mbili," alisema. "Mimi niliachwa, najua. Mwanangu nilimlisha kila kitu ambacho baba yake alikuwa hakitaki, na bamia nikamwongezea."

"Wataka kusema nini, Bi Tausi?"

"Sijasema kitu bado. Bibi yako alizalishwa na mama yake?"

"Hapana. Mama yake alikuwa ameshafariki. Alifariki bibi akiwa na mimba pevu kabisa, hata hitima haijasomwa uchungu ukamshika. Baba alizaliwa ndani ya matanga."

Swali lile Bi Tausi aliliuliza kwa mazoea tu, maana alikuwa na tabia ya kuuliza kila kitu na kuchambua baadaye. Akamaliza wali wake, akamaliza na papa wa Khairiya, akanawa mikono, wakatoka kwenda kwa wauza samaki.

Sokoni alimjua Mwatumu, mama mwenye sauti kubwa na kisu kikubwa zaidi. Hakumuuliza habari za Sadalla. Fundi baiskeli wa zamani hizo hakuna ambaye angemkumbuka, na walikwisha kulipoteza juma zima kwa kuuliza hivyo.

"Nani hapa Ngamiani hali papa?" aliuliza.

"Asiyekula papa?" Mwatumu alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Mgonjwa huyo." Kisha akafikiri, kisu kikiwa kimesimama juu ya meza. "Ngoja. Yuko Bi Zuleha, Barabara ya Kumi na Nne. Siku nikiwa na papa mezani, hata dagaa kwangu hanunui. Anasema kisu kimegusa. Watu wa Moa wale."

Bi Zuleha walimkuta barazani kwake akichambua mchele kwenye ungo. Alikuwa mwanamke wa makamo ya juu, mwembamba, kanga mbili safi, na macho ya mtu anayependa kutembelewa.

"Shikamoo, mama," wakasema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Mmekuja kwa heri?"

"Kwa heri," alisema Bi Tausi. "Tumekuja kuuliza kwa nini huli papa."

Bi Zuleha hakushangaa hata kidogo, jambo ambalo Bi Tausi alilipenda. "Mwiko wa ukoo. Wanasema babu yetu wa zamani chombo kilimzamia, papa akamsukuma mpaka ufukweni. Tukaambiwa tusimle. Mie sikuwapo, lakini simli."

"Katika ukoo huo alikuwapo Sadalla? Fundi baiskeli?"

"Ami Sadalla." Mkono uliacha kuchambua. "Ndugu yake baba. Alikuwa na banda lake hapa hapa Ngamiani, barabara ya nyuma. Mie alikuwa akinipandisha kwenye tairi ya mbele kabla hajaifunga, ananizungusha. Nani kakutajieni ami Sadalla?"

Khairiya alikuwa amekaa ukingoni mwa baraza kama mtu anayetaka kuondoka. Bi Tausi akamgusa goti asiseme kitu.

"Kwa nini aliondoka Ngamiani?"

"Alifiwa, maskini. Alikuwa na mke Mpemba, mzuri, mcheshi. Jina silikumbuki, nilikuwa mtoto, sisi tulimwita mke wa ami tu. Akaenda kwao kujifungua, akafia huko, yeye na mtoto. Ami hakuwa na hali tena. Alifunga banda akarudi Moa, na baiskeli za watu akaziacha ndani, kila mtu akaja kuchukua yake."

"Alifiwa," Khairiya alisema.

"Mwenyezi Mungu amrehemu," alijibu Bi Zuleha, akidhani anaitikiwa.

Mtaani Khairiya alitembea mbele, haraka, akipishana na baiskeli bila kuzitazama. "Basi si yeye," alisema bila kugeuka. "Bibi yangu alikufa kizee, nimemwosha kwa mikono yangu. Huyu mkewe alikufa msichana. Ni Sadalla mwingine, kama yule wa Ushongo. Tumerudi pale pale."

"Punguza mwendo, mimi si wa rika lako," alisema Bi Tausi. "Hebu hesabu nami. Sadalla wawili, wote mafundi baiskeli, wote Ngamiani, wote wana wake Wapemba waliokwenda kujifungua kwao hawakurudi, na wote hawali papa. Ama hivyo, ama Sadalla ni mmoja na kuna mtu kakosea."

"Mtu anakoseaje kifo?"

"Kwa urahisi kabisa. Nimeshazuia mazishi mawili mimi."

Jumanne asubuhi walipanda basi la Horohoro, wakashuka Duga, na bodaboda zikawafikisha Moa jua likiwa bado halijakaza. Bi Zuleha alikwisha kuwaelekeza: ami mwenyewe amekufa siku nyingi, kabakia mwanawe mmoja tu wa kiume, Yasini. Walimkuta uani akisuka dema, ule mtego wa samaki wa fito, ameketi chini miguu ameinyoosha, kanzu kaipandisha magotini. Mtu mnene, ndevu nyeupe, kofia imekwenda upande.

Bi Tausi alitoa salamu, akajitambulisha, akasema anaulizia habari za marehemu Sadalla. Kuhusu Khairiya alisema tu kuwa ni mwenzake. Alitaka majibu kwanza; machozi yakitangulia, majibu huchelewa.

"Kama ni habari ya shamba la minazi," alisema Yasini bila kuacha kusuka, "mwenyekiti anakaa kule kwenye bati jipya. Mimi sizungumzi habari za shamba."

"Si shamba. Baba yako alioa mara ngapi?"

"Mbili. Mama yangu wa pili. Wa kwanza alifia Pemba kabla mimi sijafikiriwa."

"Nani alileta habari ya kifo?"

"Mzee Abass, marehemu naye. Alikuwa mfanyabiashara wa hapa hapa. Alivuka kwenda kununua karafuu, na baba akampa furushi la nguo za mtoto akampelekee mkewe. Kafika mtaa ule, kakuta msiba. Jeneza latoka nyumba ile ile aliyoelekezwa."

"La mwanamume au la mwanamke?"

"La mwanamke. La mwanamke si hufunikwa juu na kanga, au huko kwenu polisi hamzikani?"

"Akauliza aliyekufa ni nani?"

Yasini aliacha kusuka, akamtazama Bi Tausi kama anayetazama mtu asiyefundwa. "Mtu anaingia msibani anauliza nani kafa? Mama, alijua ndani ya nyumba mna mja mzito. Jeneza la kike limetoka. Alishika jeneza, akatia udongo, akatoa pole kwa wanaume, akarudi pwani maana wenzake walikuwa wanang'oa nanga. Na nguo za mtoto akarudi nazo. Ungetaka amkabidhi nani?"

Khairiya alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake kwa mikono miwili. Bi Tausi hakumtazama.

"Wanawake wangapi walikuwa wakikaa nyumba ile?"

"Nitajuaje mimi?"

"Wawili," alisema Khairiya. Sauti ilimtoka nyembamba. "Bibi na mama yake."

Yasini akamgeukia. Bi Tausi aliona muda wa swali lake la mwisho umefika, akaliuliza polepole.

"Mzee Yasini, yule mtoto mliyeambiwa amekufa na mama yake, alikuwa na jina?"

"Alikuwa nalo. Baba alilitoa kabla mkewe hajasafiri. Akiwa wa kiume, Hamad, jina la babu yetu." Sasa alizungumza kwa upole, na maneno yalikuwa yanamtoka yenyewe. "Kila mwaka mwezi wa Shaabani twasoma hitima ya wazee hapa hapa uani. Baba alikuwa akiwataja mwenyewe, hakumwachia shekhe. Mke wangu Wanu, na mwanangu Hamad. Akifika kwa Hamad sauti inamkatika, kila mwaka, na sisi watoto tunafinyana tusicheke. Alipokufa nikashika mimi. Siachi hata mwaka mmoja. Ni kaka yangu."

"Mwambie jina lako," Bi Tausi alimwambia msichana.

"Khairiya," alisema. "Khairiya Hamad Sadalla. Bibi yangu ni Wanu."

Fito zilimtoka Yasini mikononi.

"Aliyekufa alikuwa mama yake bibi," Khairiya aliendelea, sasa kwa haraka, kana kwamba akinyamaza atakatazwa kusema tena. "Jeneza lilikuwa la mama yake. Bibi alikuwa ndani na tumbo lake. Baba kazaliwa matanga hayajaondoka. Bibi akampa jina aliloachiwa. Kakua, akawa mwalimu Wete, mnene, anapenda mpira wa redioni mpaka mama anamgombeza. Amefariki mwaka juzi."

"Mwaka juzi," Yasini alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo miaka yote ile..." Mabega yakaanza kumtikisika. "Miaka yote ile tunamwombea rehema, watu wamejaa uani, pilau limeungua, kumbe mwenyewe yuko Wete anasikiliza mpira?"

Alicheka. Alicheka vizuri, mkono tumboni, halafu kicheko kikageuka kilio, na hakujaribu kukificha. Alivua kofia akajifuta nayo uso. Khairiya naye alikuwa amekwisha kushuka chini kwenye mchanga mbele yake, na hakuna aliyeona ajabu.

"Kwa nini babu hakuja mwenyewe?" Khairiya aliuliza. "Hata kuona kaburi?"

"Alitaka. Ndugu wakamshika, wakasema ngoja moyo utulie. Halafu yakaja Mapinduzi, kuvuka ikawa shida, na baadaye akawa anasema kaburi lile hawezi kulitazama. Na huyo bibi yako, mwanangu? Mbona hata salamu hakutuma?"

"Atume vipi? Mke akienda kujifungua kwao hurudi akifuatwa. Arobaini ikiisha mume anakuja na nguo, anamchukua mkewe na mtoto. Wazee wa Wete wasema bibi alioga, akapaka hina, akakaa. Hakuja mtu. Ajipeleke mwenyewe kama mzigo? Bibi alikuwa na kiburi, wallahi. Baadaye akasikia Sadalla kaoa mwingine. Ndipo akafunga mdomo." Alijifuta uso kwa mtandio. "Nilikuwa namchukia babu, baba mdogo. Sikumjua na nilikuwa namchukia."

"Ungemwona ungempenda," alisema Yasini. "Alikuwa hawezi kumwona mtoto asimzungushe kwenye tairi."

Bi Tausi alitazama dema lililoachwa nusu. Alikuwa amechunguza watu wengi waliopotezana, na karibu kila mara mwishoni alikuta mwongo, au mlevi, au ndugu mwenye tamaa. Hapa hakumkuta. Abass alishika jeneza kama inavyompasa Mwislamu, Sadalla alifanya matanga, Wanu alingoja kufuatwa. Akaamua kurudi kwenye kazi.

"Mzee Yasini, kuna la haraka," alisema. "Huyu anaolewa Ijumaa, Ngamiani, baada ya sala. Hana walii. Kwa sheria walii wake ni wewe. Ni kusimama mbele ya shekhe na kumwoza, basi."

Yasini alivaa kofia yake. Aliiweka sawa, safari hii katikati kabisa, akashusha kanzu ikafunika magoti, akakaa wima. Mtu mwingine kabisa.

"Anaolewa na nani?"

"Anaitwa Rama," alisema Khairiya.

"Rama nani? Mtoto wa nani?"

"Wa Mzee Sele, wa Pongwe. Ni fundi umeme."

"Anaswali?"

"Anaswali."

"Umemwona, au umeambiwa? Na posa ililetwa kwa nani?"

"Ilipelekwa Wete, kwa mama."

"Mama kapokea, vizuri, ana haki yake. Kwa baba ilipelekwa kwa nani?"

Bi Tausi alijaribu kuingilia. "Mzee wangu, kwa baba hakukuwa na mtu. Ndiyo maana tuko hapa. Kadi zimekwisha gawiwa, wapishi wamekwisha kuambiwa..."

"Mama, wewe umefanya kazi yako na Mwenyezi Mungu akulipe," alisema Yasini kwa heshima yote. "Sasa hili ni la ndani. Mtoto wa Hamad haozwi kwa mtu nisiyemjua sura, wala wazee wake hawajakanyaga uani kwangu. Kadi wazigawe hata Mombasa. Sijakubali."

"Baba mdogo, Ijumaa imebaki siku tatu tu," Khairiya alisema.

"Kesho ipo. Waje kesho. Nikimwona kijana ana adabu, nitasema. Nikiona hana, nitasema pia."

Bi Tausi aliwaza kadi, wapishi, shekhe, na masharti aliyopewa siku ya kwanza: mwanamume asimame, aseme nimemwoza, ale biriani, aende zake. Alimgeukia mteja wake kuomba radhi. Mteja alikuwa amekwisha kuinuka, simu sikioni, amesimama karibu na ua wa makuti huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na alikuwa akicheka.

"Rama," alisema. "Njoo Moa kesho. Vaa kanzu, uje na wazee wako." Akasikiliza kidogo, akamtazama Yasini aliyekuwa amerudi kwenye dema lake, uso umekunjamana. "Hapana, hakuna shida yoyote. Baba amekataa."